Uzamivu wa uhandisi Ujerumani kwa njia ya mpango: soma kanuni za kitivo kabla ya kusoma kiwango cha posho

Wanajukwaa, habari zenu.

Kila tangazo la ufadhili linapotoka, maswali yanayojaa humu ni yale yale: posho ni kiasi gani, mwisho wa kutuma maombi ni lini, na je, lazima ujue Kijerumani. Ni maswali ya haki kabisa. Hata hivyo, mimi nimeanza uzamivu (PhD) mara mbili, mara ya kwanza nikakwama njiani na mara ya pili nikaumaliza, na naona kuna swali linalopaswa kuyatangulia yote hayo: msimamizi wako akiondoka kesho, ni nani anayebaki na wewe, na jambo hilo limeandikwa wapi? Naandika uzi huu ili anayejiandaa kuomba uzamivu wenye mpango, yaani wa kikundi chenye kozi na msimamizi zaidi ya mmoja, aende na swali hilo mkononi.

Nianze na nilikotoka. Baada ya uzamili nilifanya kazi miaka 6 katika huduma ya maji ya mji mmoja nchini Tanzania, upande wa usambazaji. Tulikuwa na bomba la chuma lenye urefu wa kilomita 6, linalopandisha maji kutoka kituo cha pampu hadi tangi lililoko kilimani, na bomba hilo lilikuwa likipasuka kila baada ya miezi michache, mahali pale pale linapovuka bonde. Mafundi walijua jambo ambalo ripoti zetu hazikulijua, kwamba linapasuka siku umeme ukikatika. Ripoti zilionyesha presha ya kawaida, kwa sababu kifaa cha kurekodi kilikuwa kinaandika namba moja kila dakika 15. Pampu ikisimama ghafla, wimbi la presha husafiri ndani ya bomba la chuma kwa kasi ya takriban mita 1,000 kwa sekunde. Katika kilomita 6 linakwenda tangini na kurudi kwa sekunde 12 tu. Kati ya namba moja na nyingine wimbi lilikuwa limekwishapita mara nyingi na kutulia. Mwanasayansi wa Urusi, Joukowsky, alikwishaonyesha mwishoni mwa karne ya 19, kwa majaribio aliyoyafanya katika mabomba ya maji ya Moscow, kwamba kasi ya maji ikibadilika ghafla kwa mita 1 kwa sekunde, presha hubadilika kwa takriban bar 10, sawa na nguzo ya maji ya kimo cha mita 100 hivi. Bomba letu halikujengwa kubeba ziada kama hiyo.

Nilitaka kulifanyia utafiti jambo hilo. Nikajiandikisha uzamivu nyumbani, kwa njia ya tasnifu pekee, chini ya msimamizi mmoja. Alikuwa msomi hasa na mtu mwema, na sina neno baya juu yake. Mwaka wa pili akapewa wadhifa nje ya chuo. Sura yangu ya tatu ilikaa kwake miezi 14. Siku niliyokwenda kuifuata, katibu wake alinirudishia bahasha ile ile ya kaki niliyoipeleka, na gundi niliyoifungia kwa mkono wangu ilikuwa haijabanduliwa. Niliuliza ofisi ya uzamili ni nani mwingine anayeweza kuisoma, nikajibiwa kwamba nimtafute mwenyewe mtu mwenye nafasi. Nilitafuta kwa mwaka mzima, kisha nikaacha. Nayasema haya ili ieleweke kwamba ninaposifu mpango, sisifu vyeti wala jina la nchi. Nasifu kitu nilichokikosa na najua kukikosa kunamgharimu mtu nini.

Sasa tuje Ujerumani. Kule kuna njia mbili kuu za kupata udaktari wa uhandisi, na wengi wetu huzichanganya. Njia ya kale ni ya mtu na profesa wake. Unamtafuta profesa, anakukubali, mara nyingi anakuajiri kwenye taasisi yake, na yeye ndiye anayekuongoza, anayekuandikia ripoti ya tasnifu na anayekupa alama. Wajerumani humwita Doktorvater, yaani baba wa udaktari, na jina hilo linaeleza uhusiano wenyewe kuliko maelezo yangu: baba mwema humlea mtoto vizuri sana, lakini mtoto hana baba wa pili. Njia nyingine ndiyo wanayoiita uzamivu wenye mpango. Maprofesa kadhaa hukutana kwenye mada moja pana, wanaomba fedha kwa pamoja, wanachukua kundi la watafiti vijana kwa wakati mmoja, na kunakuwa na kozi, semina, mapitio ya kila mwaka, na wasimamizi wasiopungua wawili kwa kila mtafiti.

Njia hii ya pili si ya jana. Shirika la Utafiti la Ujerumani, DFG, lilianza kugharamia vikundi vya namna hii mwaka 1990, na kikundi kimoja huweza kufadhiliwa kwa muda usiozidi miaka 9, kisha hufungwa. Shirika la Max Planck lilianzisha shule zake za kimataifa za utafiti mwaka 2000, na mojawapo ipo Magdeburg, inayohusu uhandisi wa michakato na mifumo. Halafu mwaka 2006 na 2007, katika shindano kubwa la fedha za serikali ya shirikisho na za majimbo, zikachaguliwa shule za uzamivu za uhandisi ambazo majina yake mtayaona mkipekua: ya ukokotozi wa kihandisi Aachen na nyingine ya fani hiyo Darmstadt, ya teknolojia ya mwanga Erlangen, ya uzalishaji wa viwandani Stuttgart. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München nacho kikaanzisha shule yake ya uzamivu mwaka 2009, na leo kila anayefanya uzamivu hapo hupitia humo. Tahadhari moja: shindano hilo lilipopangwa upya, kuanzia 2019 shule za uzamivu hazikutengewa tena fungu maalumu. Baadhi ziliendelea kwa fedha za vyuo vyao, nyingine zikabadilika sura. Ukikuta ukurasa mzuri wa shule fulani kwenye mtandao, angalia kwanza mara ya mwisho waliita maombi mwaka gani.

Kuna jambo lingine ambalo waombaji wetu hulikosea na linawagharimu. Anayetoa shahada ni kitivo cha chuo kikuu chenye haki hiyo. Mfadhili hatoi shahada, na taasisi ya utafiti kama Max Planck nayo haitoi. Mtafiti wake wa Magdeburg hutunukiwa na chuo kikuu. Vyuo vya sayansi tumizi kwa desturi havikuwa na haki ya kutoa udaktari, ingawa tangu 2016, kuanzia jimbo la Hessen, baadhi ya vitengo vyake vimepewa. Kwa hiyo waraka mkuu wa safari yako ni kanuni za uzamivu za kitivo, ambazo kila kitivo huchapisha. Ndani yake ndimo imeandikwa kama shahada yako ya uzamili inatosha au utapewa mitihani ya ziada, kama tasnifu inaweza kuwa mkusanyo wa makala au lazima iwe kitabu kimoja, kama unaweza kuandika kwa Kiingereza, na nani wanaruhusiwa kuwa wakaguzi. Mimi nilizisoma zote, kurasa 20 na kitu, kwa kamusi, na ndizo zilizonionyesha kwamba barua ya ufadhili peke yake hainifanyi mwanafunzi wa uzamivu mpaka kamati ya kitivo initambue kwa maandishi.

Niliingia kwenye kikundi cha watu 12 kinachoshughulikia mwendo wa vimiminika na gesi, katika chuo ambacho sitakitaja. Mwaka wa kwanza nilisoma kozi nne, na nikiri kwamba mwanzoni niliziona kama adhabu. Mtu mwenye umri wa miaka 36, aliyekwishasimamia ujenzi wa matangi, anarudi kukaa dawati moja na vijana wa miaka 25 kujifunza mbinu za kutatua milinganyo kwa kompyuta. Lakini huo ndio msingi niliokuwa sina. Nyumbani nilikuwa natumia programu ya kibiashara inayochora mstari wa presha kwenye skrini, na nilikuwa siwezi kumwambia mtu kwa nini mstari ule uko hapo na si pengine. Mwezi wa tano wa kozi nikaandika programu yangu ndogo ya kufuata wimbi la presha kando ya bomba, hatua kwa hatua, nikalinganisha na hesabu ya Joukowsky kwa mkono, namba zikakubaliana. Siku hiyo ndiyo niliyoanza uzamivu kwa kweli.

Kisha mwezi wa 12 ukaja na mapitio. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo ambalo njia ya msimamizi mmoja haikupi. Unaandika kurasa kumi, unasimama mbele ya wasimamizi wako wote na mtu mmoja wa nje ya mada yako, unaeleza ulichofanya na utakachofanya. Mimi nilikwenda na maswali matatu: jinsi wimbi linavyopungua nguvu ndani ya bomba lililochakaa, jinsi mifuko ya hewa inavyolibadilisha, na jinsi ya kupanga vali za kulinda bomba kwa gharama ndogo. Nilidhani wingi wa maswali unaonyesha bidii. Msimamizi wangu wa pili, ambaye ni mtu wa hesabu, aliuliza: kati ya haya matatu, ni lipi ambalo ukilijibu vibaya mengine mawili yanakuwa hayana maana? Nilinyamaza muda mrefu. Jibu lilikuwa hewa, kwa sababu hata hewa kidogo iliyobaki ndani ya maji ya bomba hushusha mno kasi ya wimbi na kuvuruga kila hesabu inayofuata. Wakaniambia nibaki na swali hilo moja. Nilitoka mle chumbani nimenyang'anywa theluthi mbili za mpango wangu, na jioni ile nilikosa usingizi. Sasa najua kwamba nusu saa ile iliniokolea miaka miwili.

Mwaka wa pili ulikwenda kwa vipimo vya maabara na makala ya kwanza, sina mengi ya kusema.

Mwaka wa tatu ndio mtihani wa mpango wenyewe ulipofika. Msimamizi wangu wa kwanza aliitwa na chuo kingine kushika kiti cha uprofesa, na kule hilo ni jambo la kawaida na la heshima. Nilipopata habari, nilikumbuka bahasha ya kaki. Mikono ilinitetemeka, sioni aibu kulisema. Lakini safari hii kulikuwa na mkataba wa usimamizi tuliousaini sote mwezi wa kwanza, na kipengele kimoja kilieleza kwamba msimamizi akihama, msimamizi wa pili anachukua uongozi, wa kwanza anabaki kuwa mkaguzi wa tasnifu ikiwa kitivo kitaridhia, na kikundi kinahakikisha nafasi ya maabara mpaka mwisho. Mratibu wa kikundi alitoa karatasi ile kwenye faili, tukakaa watu watatu, mambo yakaisha ndani ya wiki mbili. Profesa hakuwa mwema kuliko yule wa nyumbani. Tofauti ilikuwa karatasi.

Kuhusu fedha, niseme lile ambalo matangazo hayalisemi waziwazi. Ufadhili wa mipango mingi ni wa miaka 3, mingine sasa hufika 4, ilhali uzamivu wa uhandisi mara nyingi huvuka miaka 4. Kwa hiyo anayeanza leo auone mwezi wa 37 tangu leo. Uliza kama unapewa posho au mkataba wa kazi. Posho haikatwi michango ya hifadhi ya jamii, hivyo mwanzoni huonekana nono, lakini ikiisha imeisha. Mkataba wa kazi unakatwa kodi, bima ya afya, pensheni na bima ya ukosefu wa ajira, na michango hiyo huweza kukushika mkono mkataba ukifika mwisho. Na ofisi ya wahamiaji haingoji tasnifu: kiwango ambacho mwanafunzi wa kigeni anatakiwa kuonyesha kwa ajili ya viza kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Katika kundi letu watatu walifika mwezi wa 37 bila kitu, na mmoja wao, hodari kuliko mimi, alirudi kwao na tasnifu iliyobakiza sura moja. Muulize mratibu kabla ya kusaini: waliomaliza kabla yangu walichukua muda gani, na walikula nini mwaka wa mwisho? Mratibu mzuri hujibu kwa namba.

Nakaribisha maswali na marekebisho.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo haya, ila naomba nipingane nawe kidogo kwa heshima. Mimi nilipita njia ya kale, miaka 5 kama mtafiti mwajiriwa kwenye taasisi ya mitambo, mkataba wa daraja la mshahara la E13 kwa asilimia 100, yaani kazi ya muda kamili, na nisingeibadilisha. Katika uhandisi wa Kijerumani njia hiyo ndiyo ya wengi. Nilifundisha wanafunzi mazoezi ya darasani, nilisimamia bajeti ya mradi na kiwanda, nilinunua mashine ya kupimia kwa kuandika vigezo vyake mwenyewe, na yote hayo ndiyo yaliyonipa kazi baadaye. Mwenye mpango anasoma kozi na kuhudhuria semina. Mwajiriwa anajifunza kuendesha taasisi. Kuhusu muda, sheria ya mikataba ya watafiti inaruhusu mpaka miaka 6 kabla ya udaktari, kwa hiyo mwezi wa 37 haukunitisha.

Mleta uzi:

Kaka, umesema kweli, na ninakubali sehemu kubwa. Anayejua Kijerumani vizuri na kupata mkataba kamili chini ya profesa anayejulikana kwa kumalizisha watu wake, asisite. Ninachoomba uangalie ni upande wa anayetoka nyumbani moja kwa moja. Kazi ya taasisi na kiwanda huendeshwa kwa Kijerumani, na wengi wetu tunafika na kozi ya miezi michache. Pia mwajiriwa hufanya miradi ya taasisi kwanza na tasnifu yake jioni. Nimewaona waliofika mwaka wa 5 wakiwa na ripoti kumi za viwanda na hawana sura hata moja. Hata hivyo hoja yako ya ujuzi wa kuendesha maabara ni nzito. Mpango haukunipa hilo, na niliporudi nilipata taabu kuandika zabuni ya vifaa. Anayeingia kwenye mpango aombe mwenyewe kusimamia kitu kimoja, hata kama ni ununuzi wa kipima presha.

Mchangiaji wa pili:

Nawasalimu kutoka Eldoret. Mimi ni mhadhiri msaidizi, na idara yetu inataka kila mmoja awe na PhD. Je, hiyo Dr.-Ing. yenu, yaani udaktari wa uhandisi wa Kijerumani, inahesabiwa kuwa PhD? Nimesikia mwenzetu mmoja alisumbuliwa kwenye usaili akiulizwa kwa nini cheti chake kina herufi tofauti.

Mleta uzi:

Mwalimu, ni daraja lile lile la juu kabisa. Herufi hizo zina historia. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19 vyuo vya ufundi vya Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, havikuwa na haki ya kutoa udaktari, kwa kuwa vyuo vikuu vya kale viliona uhandisi kuwa ufundi wa mikono. Mwaka 1899 mfalme Wilhelm II alivipa haki hiyo, lakini ikaamuliwa jina liandikwe kwa Kijerumani, Doktor-Ingenieur, ili litofautiane na udaktari wa Kilatini wa vyuo vya kale. Kilichowekwa kuwatenga wahandisi, leo wao ndio wanaojivunia. Vitivo vingine siku hizi hukuruhusu kuchagua Dr.-Ing. au PhD, na hilo pia limo katika kanuni. Kwa Tanzania, cheti cha nje hupelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kutambuliwa, na kwa kwenu naomba wenzetu wa Kenya wakueleze utaratibu. Omba chuo kikupe maelezo rasmi ya shahada kwa Kiingereza siku unayochukua cheti. Na kumbuka kwamba kule hata ukishatetea na kufaulu, huruhusiwi kujiita daktari mpaka tasnifu ichapishwe au iwekwe kwenye hazina ya maktaba na ukabidhiwe hati. Mimi nilikaa miezi mitano hivyo. Nikuongezee pia kwamba Dr.-Ing. si ngeni Afrika Mashariki: Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na baadhi ya walimu waliotufundisha walikuwa na herufi hizo hizo mlangoni. Jambo la mwisho kwa wahandisi wa Tanzania: udaktari hauchukui nafasi ya usajili wa kitaaluma wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi). Hivyo ni vitu viwili.

Mchangiaji wa tatu:

Kaka, mimi ni mhandisi wa kemia, mama wa watoto wawili, mdogo ana miaka 3. Siwezi kuondoka miaka minne. Je, mpango wa namna hii haupatikani huku kwetu?

Mleta uzi:

Dada, unapatikana, na ningefurahi tungeacha kuuona kama wa daraja la pili. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha ina uzamivu wa kozi na tasnifu, na tawi la sayansi na teknolojia la Chuo Kikuu cha Afrika Nzima lipo JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, pale Juja, Kenya. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hufadhili pia masomo yanayofanyika hapa hapa katika ukanda wetu, na mfuko wa kikanda wa ufadhili, RSIF, unaoratibiwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe Nairobi, unafadhili uzamivu katika vyuo vya Afrika ukiwa na kipindi cha kukaa kwenye maabara ya nje. Kipindi kama hicho kinaweza kukufaa: shahada ni ya nyumbani, vipimo vinavyohitaji mashine usiyokuwa nayo unavifanya kule. Maswali ya kuuliza ni yale yale. Msimamizi wa pili ni nani, anasoma sura kwa muda wa wiki ngapi, mapitio ya mwaka yanaandikwa au yanasemwa tu? Uliza hasa kama mkataba wa usimamizi upo na kama unatambua likizo ya uzazi na ugonjwa wa mtoto, kwa maana ya kusogeza tarehe za ufadhili. Katika kundi letu wanawake wawili walijifungua, na aliyekuwa na kipengele hicho aliongezewa muda bila kuomba huruma ya mtu. Usione haya kuliuliza kabla ya kusaini.

Mchangiaji wa nne:

Mkuu, nimeandikia maprofesa 31. Wawili wamejibu, wote kunikatalia. Naomba utuoneshe barua yako ilikuwaje.

Mleta uzi:

Mkuu, pole, na mimi nilipita hapo. Barua zangu za kwanza zilikuwa ndefu na zote zilifanana. Nilijieleza mimi ni nani, nimepata alama gani, nina hamu gani ya kujifunza, na mwishoni nikaandika kwamba niko tayari kwa mada yoyote. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniangusha, maana profesa haitaji mtu aliye tayari kwa lolote. Anahitaji mtu aliyekwishaona tatizo.

Barua iliyofaulu ilikuwa na aya tatu. Kabla ya kuiandika nilisoma makala mbili za profesa huyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha nilikwenda kituo cha pampu na fundi mmoja, tukafunga kipima presha tulichokiazima, kinachorekodi mara 100 kwa sekunde, tukangoja umeme ukatike. Tulingoja siku tatu. Ulipokatika, kompyuta yangu ndogo ilichora mstari unaoshuka ghafla kama jabali, ukapanda juu ya presha ya kawaida, ukashuka tena, ukipungua kidogo kidogo kwa dakika nzima. Lakini muda kati ya kilele kimoja na kingine ulikuwa mrefu kuliko hesabu ya kitabuni inavyotaka.

Aya ya kwanza ilisema bomba ni la urefu gani, la kipenyo gani, la chuma cha umri gani, na limepasuka mara ngapi. Aya ya pili ilisema: katika makala yako ya pili umechukulia kwamba maji hayana hewa, mchoro nilioambatanisha unaonyesha wimbi linalokwenda polepole kuliko mlinganyo wako, na nadhani ni hewa, ila sijui namna ya kuithibitisha. Aya ya tatu ilisema nina ufadhili wa kuomba, mwisho wake ni tarehe fulani, na nahitaji kujua kama swali hili linaingia kwenye kikundi chake. Niliambatanisha mchoro mmoja na wasifu wa kurasa mbili, basi.

Alijibu baada ya siku nne. Hakuniuliza alama zangu. Aliuliza kipima presha kilifungwa umbali gani kutoka kwenye vali ya kuzuia maji kurudi, na kama naweza kumtumia data ghafi.